Hodi ya Mkono wa Kushoto

Binti anayeposwa haruhusiwi kuonekana ukumbini mpaka aitwe na wazee. Kwa hiyo, Jumapili ile baada ya ibada, Birago Asubonteng, mkurugenzi wa kampuni iliyokuwa ikitandaza nyaya za umeme katika hospitali mpya ya Ejisu, alikuwa amesimama nyuma ya pazia la chumba cha mama yake, pumzi ameibana, kama mtoto aliyeiba nyama chunguni.

"Toka hapo," Mama Dufie alimnong'oneza. "Utaonekana."

"Hawajafika, Mama. Namwangalia Mjomba tu."

"Mjomba wako unamjua tangu uzaliwe."

"Leo amenuna zaidi ya siku zote."

Ilikuwa kweli. Mjomba Opoku alikuwa ameketi katika kiti cha kwanza upande wa kulia, vazi lake zito la heshima amelitupia bega la kushoto, na uso wake ulikuwa uso wa mtu ambaye jibu lake limekwisha iva kabla ya swali kuulizwa. Pembeni yake alikaa Mzee Asubonteng, baba yake Birago, mpole, akipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. Baba humpa mtoto jina. Lakini ukoo ni wa mama, na idhini ya kuolewa hutoka kinywani mwa kaka wa mama. Mzee Asubonteng alilijua hilo, wala hakujaribu kujifanya halijui.

Jibu la Mjomba Opoku lilikwisha tolewa jana yake, juu ya bakuli la fufu, donge la mihogo iliyotwangwa, na supu ya mawese.

"Huyo Dapaah ni mwajiriwa wako," alisema, akinawa vidole. "Mshahara wake unausaini wewe. Mume gani anayepanga foleni kwa mkewe kila mwisho wa mwezi? Mkikorofishana leo kwa sababu ya supu, kesho utampandisha nguzoni kwa hasira!"

"Mjomba, mimi simpandishi mtu nguzoni kwa hasira."

"Mama yako alinipandisha mnazi kwa hasira, naye hakuwa hata mkurugenzi!"

Wote walicheka, hata yeye mwenyewe. Lakini alipomaliza kucheka hakuwa amelegea hata kidogo. "Avue kofia moja. Awe fundi wako, au awe mume wako. Kesho nitawasikiliza kwa adabu, kisha watarudi na chupa zao za posa."

Birago hakulala vizuri. Alikuwa ameshinda zabuni mbele ya wakandarasi waliomcheka usoni, na sasa alikuwa akiogopa kushindwa na mzee mmoja mwenye bakuli la supu.

Kampuni hiyo ilianza na misiba. Katika mji wa Kumasi mtu anaweza kuishi gizani miaka yake yote, lakini hazikwi gizani. Na Mzee Asubonteng, alipokuwa kijana, alikuwa na jenereta moja na taa za kukodisha. Waombolezaji waliona jinsi alivyozifunga nyaya zake kwa unadhifu, wakamwita majumbani mwao. Likafuata kanisa, kisha mabweni ya shule kule Mampong, kisha ghala la baridi la wauza samaki. Birago aliporudi kutoka chuoni na shahada yake ya uhandisi, alimkuta baba yake ameridhika na kutosheka.

"Baba, tuombe kazi inayotutisha kidogo," alimwambia.

"Na tukishaipata?"

"Tutaizoea. Kisha tutaomba nyingine."

Hivyo ndivyo walivyofika Ejisu, kwenye hospitali ya akina mama, kazi kubwa kuliko zote walizowahi kuzigusa. Wakaguzi walikuwa waje Jumanne. Hospitali ikikabidhiwa kwa wakati, zabuni ya soko jipya, ambayo kila mkandarasi wa mji aliiota, ingekuwa karibu yao kama tonge na mdomo.

Na kazi ya Ejisu iliongozwa na Kwadwo Dapaah. Walikutana juu ya dari la kanisa, Birago akikagua, Dapaah akiwa amelala kifudifudi katika vumbi, akiisikiliza swichi kabla ya kuifunga, kana kwamba ni mtoto aliyelala ambaye hakutaka kumwamsha. Alipoinua uso wake uliojaa utando wa buibui na kusema, "Karibu, Madamu, samahani kwa uchafu," Birago alisahau alichokuja kukagua. Tangu hapo walikuwa wakizungumza habari za nyaya kwa midomo na habari nyingine kwa macho, mpaka mafundi wote walipochoka kujifanya hawaoni.

Tangu Alhamisi Birago hakuwa amemwona. Dapaah alituma ujumbe kwamba ana jambo la kifamilia huko Obuasi. Siku hizo chache zilimkaa Birago kifuani kama chakula kisichoshuka.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibuni!"

Aliyetangulia kuingia alikuwa Shangazi Pomaa, dada wa baba yake Dapaah na msemaji wa msafara, muuza samaki wakavu sokoni, mwanamke ambaye sauti yake haikuwahi kuhitaji kipaza. Nyuma yake alikuja baba mdogo wa Dapaah na chupa mbili za shinapsi, pombe kali ya posa, ndani ya kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe. Na nyuma kabisa, Dapaah mwenyewe, ndani ya joho pana la kufumwa, mikono yake imezama katika mikono ya joho.

"Amekonda," Birago alinong'ona.

"Ni joho limempwaya," alijibu mama yake. "Nyamaza."

Wageni walianza kusalimu kwa kushikana mikono, kuanzia kulia kwenda kushoto kama itakiwavyo. Shangazi Pomaa akapita. Baba mdogo akapita. Dapaah akasimama mbele ya Mjomba Opoku, akainama kwa heshima, akatoa mkono.

Akatoa mkono wa kushoto.

Hata feni ilionekana kuzunguka kwa aibu. Mtu mwenye dharura huomba radhi kwanza kwa mkono wake wa kushoto, ndipo autumie; hilo hata mtoto anayejifunza kula hulijua. Dapaah hakuomba. Alikuwa akitokwa na jasho, macho yake ameyakodoa kwenye zulia.

Mjomba Opoku aliurudisha mkono wake taratibu, akauweka juu ya paja.

"Kijana. Huo ni mkono gani?"

"Wazee wangu, ni hofu!" Shangazi Pomaa aliruka. "Kijana kachanganyikiwa na mapenzi, mkono wa kulia kausahau nyumbani!"

"Basi arudi akauchukue."

Nyuma ya pazia, Mama Dufie aliziba mdomo. Birago hakujua kama mama yake anacheka au analia.

"Waketi kwanza, shemeji," Mzee Asubonteng alisema kwa upole. "Mgeni hupewa maji kabla ya hukumu."

Waliketi, wakapewa maji. Shangazi Pomaa alikunywa, akapangusa midomo, akajitengeneza kitini kama mtu anayepanga samaki wake mezani.

"Tulikuwa tunapita zetu," alianza. "Tukaona taa nzuri inawaka katika nyumba hii. Tukasema, hebu tuulize kama ina mwenyewe."

"Taa hiyo ndiyo inayomlipa mshahara kijana wenu," alijibu Mjomba Opoku. "Mmekuja kuomba taa, au nyongeza?"

"Mkitupa vyote viwili, mzee wangu, sisi ni nani tukatae?"

"Mama, huyu namtaka awe shangazi yangu," Birago alinong'ona. Ukumbini, Dapaah alikuwa amepokea bilauri yake, tena kwa mkono wa kushoto. Alipoinama kunywa, mkono mpana wa joho ulirudi nyuma kidogo, naye Birago akaona ndani yake weupe wa bendeji.

Alhamisi, aliwaza. Alhamisi walikuwa wakijaribu kabati la umeme la chumba cha upasuaji.

"Tumesikia," Mjomba Opoku alikuwa akisema. "Nasi tuna mambo mawili: la mshahara, na la mkono. Lakini sitaki isemwe kwamba nimeamua bila anayeolewa. Aitwe binti."

Birago alitoka. Alikuwa amevaa kitenge cha rangi ya dhahabu alichokichagua kwa wiki nzima, na hakuna aliyekitazama, kwa sababu wote waliutazama uso wake. Dapaah aliinua macho. Katika macho yale Birago aliuona upendo wote aliokuwa akiungoja, na chini yake kitu ambacho hakuwahi kukiona kwake: woga wa mtu anayeficha.

"Watu hawa unawafahamu?" Mjomba aliuliza.

"Nawafahamu, Mjomba."

"Wameleta kinywaji. Desturi ya ukoo wetu ni kuuliza mara tatu. Mara ya kwanza: tukipokee?"

Shangazi Pomaa alimkonyeza Birago akubali, haikusaidia.

"Mjomba, naomba niulize swali kwanza."

"Uliza."

"Dapaah. Mkono wako wa kulia una nini?"

"Si kitu."

"Nionyeshe."

"Birago, si hapa—"

"Hapa kuna wazee. Mahali pazuri kuliko hapa hapana."

Dapaah alikunja mkono wa joho, akaifungua bendeji. Kiganja kilikuwa kimeungua mpaka kwenye kifundo, ngozi imevimba na kung'aa. Mama Dufie alitoka nyuma ya pazia bila kuitwa.

"Alituambia ni mafuta ya kukaangia ndizi!" Shangazi Pomaa alimaka. "Kwadwo! Mimi nimekupaka asali siku tatu!"

"Ni wapi?" Birago aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika; ilikuwa ile sauti ambayo mafundi wa Ejisu huivulia kofia.

"Chumba cha upasuaji. Kabati kuu. Nilizima, nikapima, hapakuwa na umeme. Jenereta ikawashwa nikiwa bado ndani, na umeme ukarudi kwa njia isiyokuwamo katika mchoro."

"Na njia hiyo?"

"Nimeikata. Naamini ilikuwa moja tu."

"Unaamini."

Dapaah alikitazama kiganja chake.

"Kwa nini hukusema?"

"Wakaguzi wanakuja Jumanne. Ningesema, kazi ingesimama. Soko lingekwenda kwa wengine. Sikutaka kuja kwa wajomba zako nikiwa nimekuharibia kazi ya maisha yako. Nilitaka tukabidhi kwanza, kisha nikwambie."

"Kusi naye aliamini," Mzee Asubonteng alisema.

Alisema polepole, bila kuinua kichwa. Kusi alikuwa fundi wake wa kwanza. Alipigwa na umeme mchana, akaamini si kitu, akaficha, maana walikuwa na harusi ya kuwashia taa na hakutaka bosi wake aaibike. Kesho yake alipanda ngazi akiwa na kizunguzungu, akaanguka. Taa za Asubonteng, zilizokwisha waka katika misiba ya watu wengi, ziliwaka katika msiba wa mtu wao wenyewe. Tangu siku ile kampuni ilikuwa na kanuni moja iliyokuwa juu ya zote: aliyeumia aseme, anayeficha aondoke. Haikubagua ndugu wala rafiki. Dapaah mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwakaririsha vijana wapya.

Birago aliomba simu yake. Mama yake alimletea bila neno.

"Zima jenereta," alimwambia msimamizi wa zamu. "Jengo lote la upasuaji lifungwe. Mtu asiguse chochote mpaka nije kesho niupitie kila waya kwa mkono wangu. Hapana, hata balbu."

Kisha akampigia daktari mkuu wa hospitali, naye alikuwa mtu asiyependa kusubiri.

"Daktari, Jumanne hatukabidhi. Ndiyo, najua wageni wamealikwa. Najua. Nikikutajia tarehe mpya leo nitakuwa nabahatisha." Alisikiliza kwa muda mrefu, midomo imekazwa. "Pale atalazwa mama mwenye kujifungua, Daktari. Mimi siwezi kumpa umeme ambao sijui unatoka wapi. Asante. Samahani sana."

Aliishusha simu. Soko jipya, labda, lilikuwa limekwenda. Mzee Asubonteng alimmiminia maji, akampa mwenyewe, kwa mikono yake miwili.

Birago alikunywa, akageuka.

"Kwadwo Dapaah, kuanzia sasa wewe si mfanyakazi wa kampuni yetu."

"Yesu wangu!" Shangazi Pomaa alijipiga kifuani. "Tumekuja kuomba mke, tumefukuzwa kazi! Baba mdogo, beba chupa zako twende kabla hatujadaiwa nyumba!"

Baba mdogo alikishika kikapu. Lakini Dapaah hakuondoka. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hakuyaficha.

"Nimekubali," alisema. "Kanuni naijua. Ningekuwa wewe, ningefanya hivyo hivyo, na ningelia zaidi."

"Nitalia baadaye," Birago alisema. "Sasa nina wageni."

Hapo ndipo Mama Dufie, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake mikono kiunoni, alipoita: "Kaka. Uliza mara ya pili."

"Niulize nini tena? Hujaona yaliyotokea?"

"Nimeona. Jana sababu yako ilikuwa mshahara. Huo mshahara uko wapi sasa?"

Mjomba Opoku alimtazama mpwa wake, akamtazama kijana, akalitazama dari kana kwamba jibu limening'inizwa huko.

"Mmelipanga hili!"

"Mjomba, kuna mtu anayepanga kuungua?"

Kicheko kilianza tumboni kwa mzee, kikapanda taratibu, kikamtikisa mabega mpaka vazi likamwanguka. "Pwah! Nilisema avue kofia moja. Sikusema avuliwe na mkewe mbele ya watu!" Kisha akajikaza. "Lakini mkono wa kushoto bado upo."

Dapaah aliinuka. Alisimama mbele ya mzee, akainamisha kichwa chini kabisa.

"Wazee wangu, naomba radhi kwa mkono wangu wa kushoto. Wa kulia ukipona, utakuja wenyewe kuwasalimu."

"Na kondoo wa kuomba radhi," Shangazi Pomaa aliongeza haraka. "Utakuja na kondoo."

"Mnono," alisema Mjomba Opoku.

"Mnono, mzee wangu, mpaka atembee kwa kusukumwa."

"Haya. Birago, mara ya pili: tukipokee?"

Birago alimtazama Dapaah. "Mjomba, naogopa. Naogopa atanichukia kesho, atakapoamka asiwe na pa kwenda."

"Ajibu mwenyewe," alisema mzee.

"Nina hasira na mtu mmoja tu, naye ni mimi," Dapaah alisema. "Kwako nina haya, na nina njaa. Tangu asubuhi sijala kwa kukuogopa."

Mama Dufie aliguna, akaelekea jikoni.

"Mara ya tatu, na sitauliza tena, magoti yananiuma. Binti yangu, kinywaji cha watu hawa, tukipokee, tusikipokee?"

"Kipokeeni," alisema Birago, na kwa kuwa sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka, akarudia kwa nguvu: "Kipokeeni, Mjomba."

Shangazi Pomaa alipiga kigelegele kilichowatoa majirani nje.

Jua lilikuwa bado juu walipopewa nafasi ya kusindikizana mpaka kwenye geti, wazee wakijifanya wanajadili kondoo. Birago aliushika mkono ulioungua kwa ncha za vidole, akaugeuza kwenye mwanga.

"Asali, Dapaah! Umesoma mpaka chuo cha ufundi, ukakubali kupakwa asali?"

"Shangazi hakuniuliza."

"Tunakwenda kwa daktari sasa hivi. Njiani utanieleza njia ile inakopita, waya kwa waya. Kesho sitaki kubahatisha."

"Nitakueleza. Wewe ingia kwa upande wa nyuma, sio kwa mlango wa kabati." Aliegemea geti. "Kuna mtu Sunyani anatafuta mkandarasi wa mabweni. Kazi ndogo. Nafikiri nitaiomba kwa jina langu mwenyewe."

"Iombe. Lakini siku ukija kwenye zabuni moja na mimi, nitakushinda."

"Na nikikushinda mimi?"

"Utapika wiki nzima ili nisahau."

Dapaah alicheka, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi mabega yake yalishuka. Kisha kicheko kikaisha, akamtazama kama alivyomtazama juu ya dari la kanisa, bila buibui safari hii.

"Niambie kweli, Birago. Umenifukuza kwa hasira au kwa mapenzi?"

"Kwa kanuni," alijibu, akimfungia bendeji upya, taratibu, akihakikisha haibani. "Mapenzi ni lile jibu la mara ya tatu."